Kuchagua Bastola ya Kulenga Shabaha

Bastola ya mchezo wa shabaha haichaguliwi kama ile ya ulinzi. Ya ulinzi hutakiwa iwe fupi, yenye nguvu, na ifichike kirahisi. Ya shabaha yaweza kuwa ndefu, nzito na yenye risasi ndogo, na hayo matatu ndiyo humwezesha mlengaji kupiga vizuri na kutamani kurudi uwanjani. Wanunuzi wengi huanza na ya milimita 9 kwa kuwa ndiyo wanayoiona kiunoni mwa askari. Si chaguo baya, ila humchelewesha anayejifunza.

La kwanza kuamuliwa ni aina ya risasi. Kwa anayeanza, na hata kwa mzoefu, ile ndogo ya .22 LR haijapata mpinzani. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, ilhali cha milimita 9 huwa gramu 7.5 au 8. Teke lake ni dogo na bei yake ni nafuu zaidi. Hata mashindano ya bastola ya mita 25 katika Olimpiki hupigwa kwa risasi hiyohiyo.

Udogo wa teke si suala la starehe tu. Mwili ukishajua kwamba triga ikivutwa mshindo hufuata, mkono hujikaza kabla risasi haijatoka, na mwenyewe hana habari. Walimu wa shabaha hulifichua tatizo hili kwa kuchanganya risasi moja ya bandia na za kweli ndani ya magazini, mlengaji asijue iko wapi. Zamu yake ikifika, triga hulia “ka!” na hakuna kinachotoka, lakini ncha ya mtutu huonekana wazi ikiinama chini. Aliyekuwa akiilaumu bastola kwamba inapiga chini hupata jibu lake papo hapo.

Kinachofuata kwa umuhimu ni triga yenyewe, na hapa ndipo fedha za mnunuzi zinapostahili kwenda. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, hutaka triga ya bastola ya mita 25 isivutike kwa uzito ulio chini ya kilo 1. Bastola nyingi za askari huhitaji kilo 2 hadi 3. Rivolva ambayo nyundo yake haijavutwa kwanza kwa kidole gumba hupita kilo 4. Silaha yenyewe ina uzito wa kilo 1 hivi, kwa hiyo kidole kinachovuta kilo 3 huiyumbisha kwa urahisi. Hata hivyo, wepesi pekee hautoshi. Triga nzuri haikwaruzi wala haijivuti. Husimama imara, kisha huachia mara moja.

Vilengeo viwe vinarekebishika, na umbali kati ya cha mbele na cha nyuma uwe mrefu. Hesabu yake ni rahisi. Vilengeo vikiwa na umbali wa sentimita 20, kosa la milimita 1 tu katika kuvipanga huipeleka risasi sentimita 12.5 kando ya katikati ya shabaha iliyo mita 25. Kwenye karatasi ya ISSF ya kulenga taratibu kwa umbali huo, duara la 10 lina kipenyo cha sentimita 5 na sehemu yote nyeusi ina sentimita 20. Risasi hiyo imeshaangukia kwenye weupe. Kwa bastola fupi yenye umbali wa sentimita 10, kosa hilohilo huwa maradufu.

Mpini hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, si kwa sifa za muuzaji. Bastola ikishakaguliwa na kuthibitishwa kuwa tupu, mnunuzi huielekeza mahali salama, hufumba macho, huiinua kama anayelenga, kisha hufumbua. Vilengeo vikiwa vimekaa karibu na mstari, mpini unamfaa. Vikiwa vinatazama juu au pembeni, atakuwa akipigana nao siku zote.

Miongoni mwa zilizojijengea jina Marekani ni Ruger Mark IV, mjukuu wa bastola ya mwaka 1949 iliyoianzishia kampuni hiyo biashara, na Browning Buck Mark ya mwaka 1985. Matoleo ya zamani ya Ruger yalisifika kwa ulengaji na kwa usumbufu wa kuyaunganisha tena baada ya kusafishwa. Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe. Smith & Wesson Model 41 ni ghali zaidi, na triga yake inastahili bei hiyo. Zote hizi, zikifungwa kwenye kishikizo imara, hupiga vizuri kuliko mkono wa walengaji wengi.

Kila bastola ya .22 ina risasi inayoipenda. Ni busara kununua boksi moja moja za aina kadhaa na kuzijaribu kabla ya kununua nyingi.

Asiye na uwanja wa kutosha anaweza kufikiria bastola ya upepo ya milimita 4.5, ambayo hupigwa mita 10 na imo katika Olimpiki tangu 1988. Triga yake inaruhusiwa kushuka hadi gramu 500.

Kibali hutangulia ununuzi. Kenya, maombi hupelekwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha; Tanzania, husimamiwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015.

Bajeti isisahau miwani na vizuia sauti vya masikioni, kwani hata .22 hupita desibeli 140. Ndani ya jengo, vya kuziba na vya kufunika masikio huvaliwa pamoja. Vumbi la risasi lina madini ya risasi yenye sumu, hivyo mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.