Anakuandama? Usingoje akuguse

Mtu akikuotea stejini kila asubuhi na kupiga simu 30 kwa usiku mmoja, hayo si mapenzi. Nchini Kenya, fanya hivi:

• Mwambie mara moja, kwa maandishi: “Usinitafute tena.” Kisha nyamaza. Ukipokea simu ya 31, umemfundisha kwamba 31 zinatosha.
• Usifute jumbe kwa hasira. Wengi hukosea hapo. Zipige picha, tarehe na nambari zionekane, umtumie dada au rafiki nakala.
• Andika daftarini siku, saa, mahali na aliyeshuhudia.
• Badilisha nywila, hasa kama aliwahi kushika simu yako.
• Mlinzi wa geti na bodaboda wako waijue sura yake.
• Usiende kumkabili peke yako.
• Ripoti polisi; usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).
• Ni mume au mpenzi, hata wa zamani? Omba mahakamani amri ya ulinzi chini ya sheria ya unyanyasaji wa nyumbani ya 2015.
• Anakusumbua mtandaoni? Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inamfikia.

Msaada: piga 1195, bila malipo.