Jina la Babu Lilitoka Kilima Gani? Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina Masisi na Walikale

Baba yangu ni Mhunde wa upande wa Nyabiondo, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Mama yangu ni Mnyanga wa Walikale. Jina alilotuachia babu mzaa baba ni adimu, na nje ya jamaa zetu nimelikuta mahali pachache tu. Uadimu huo ndio ulionitia hamu ya kujua lilizaliwa wapi, nani alilibeba, na lilifikaje lilipofika.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Wenye nalo wengi wametawanyika kwa sababu ya vita, na sina haki ya kuwatangazia mahali walipo. Ninachoweza kukupa ni njia niliyoipita, kwa kuwa vijana wengi wa Goma, wa Sake na wa ughaibuni wana swali kama langu na hawajui pa kuanzia.

Jua kwanza una jina la namna gani

Vitabu vingi vya kufuatilia nasaba viliandikwa na Wazungu kwa ajili ya majina ya Kizungu. Chukua Uskoti. Huko jina la baba humshukia mtoto, kisha mjukuu, na tangu mwaka 1855 serikali inaandikisha kila kizazi, ndoa na kifo. Mwaka 1946 George Fraser Black alichapisha kitabu kizima cha majina ya koo za Uskoti. Mtu mwenye jina adimu huko hutazama sensa, akaona limejaa parokia gani, kisha akarudi nyuma hadi chimbuko lake.

Kwetu, ukifuata jina peke yake utapotea njiani. Baba na mwana huweza kuwa na majina tofauti kabisa, na ndugu watano wa tumbo moja wakawa na majina matano. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo, lakini haimlazimishi mtoto kubeba la baba yake. Kwa hiyo jiulize kwanza jina lako lilitolewa kwa sababu gani.

Yako majina ya mpangilio wa kuzaliwa. Kwa Wanande, ambao wafanyabiashara wao utawakuta katika masoko yetu, Kambale ni mvulana wa pili na Kasereka ni wa tatu. Si lazima Kambale wawili wawe na babu mmoja. Muhindo huzaliwa baada ya watoto wa jinsia nyingine. Kwa Wanyanga, Mwindo ni jina la mvulana aliyekuja baada ya wasichana, na ndilo jina la shujaa wa utendi ambao Daniel Biebuyck aliunakili Walikale mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke.

Yako pia majina ya matukio. Safari huweza kuwa amezaliwa njiani, au baba yake akiwa mbali. Mateso huzaliwa mwaka mgumu. Majina haya hayaonyeshi ukoo, ila yanasaidia sana kukadiria miaka: ukimjua Safari wa familia, uliza ni safari ipi, na utapata tarehe ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Mwishowe kuna majina ya kurithiwa, yaani la marehemu anapewa mjukuu, au mtoto anaitwa kwa heshima ya mtu mwingine na kuwa somo wake. Jina adimu kwa kawaida liko katika kundi hili, na ndilo linalofaa kufuatiliwa. Hata hivyo, liambatanishe na mambo mawili ambayo kwetu ni imara kuliko jina: ukoo na kilima.

Anza na wazee, hasa shangazi

Karatasi zinaweza kusubiri kidogo, wazee hawasubiri. Nenda kwa mzee ukiwa umetangulizwa na mtu anayemfahamu. Msalimie, msikilize habari za nyumba yake, mweleze wewe ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Mzee wa Masisi aliyeona vita haongei na mgeni mwenye daftari. Anaongea na mjukuu.

Usianze kwa kuuliza, “Jina letu lilitoka wapi?” Swali hilo litakuletea hadithi moja fupi iliyokwisha kukaririwa. Mimi huuliza hivi: Babu alizikwa kilima gani? Kabla ya hapo moto wao uliwaka wapi? Walioa kwa akina nani, na ukoo gani hawakuruhusiwa kuoa? Nani alipewa jina hili kabla ya babu, na nani amepewa baada yake? Walimpelekea mwami gani haki yake? Swali la wasioruhusiwa kuoana lina nguvu kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kusahau jina la babu wa nne lakini hasahau ukoo ambao kuoa kwake ni mwiko.

Waulize mashangazi. Shangazi alizaliwa katika ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine, hivyo anajua habari za nyumba mbili. Katika utendi wa Mwindo, mtoto anayekataliwa na baba yake anakwenda kutafuta kimbilio kwa Iyangura, dada ya baba. Katika uchunguzi wangu pia shangazi ndiye aliyenipa viungo ambavyo wanaume walikuwa wameviruka.

Sikiliza watu wanavyoitana. Mama Furaha ana jina lake mwenyewe ambalo majirani huenda hawalijui. Kwa Wanyanga, baba wa Mwindo ni Shemwindo. Kila unapoandika jina la namna hii, andika kando yake jina la kuzaliwa, la sivyo mtu mmoja atakuwa watu wawili katika daftari lako.

Na usiufuate mstari wa baba peke yake. Zamani Wanyanga walikuwa na wanawake waliowekwa kwa ajili ya mizimu, na watoto waliowazaa wakabaki katika ukoo wa babu mzaa mama. Mstari wa baba ukikatika ghafla, rudi kwa mama. Huenda haukukatika, ulipitia mlango mwingine.

Karatasi zilizopo na jinsi ya kuzisoma

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa ya mwaka 1984. Tangu mwaka 2009 sheria ya kumlinda mtoto inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, lakini kwa vijiji vilivyokuwa vikikimbia huku na huko hilo limekuwa gumu. Kwa hiyo karatasi za kanisa ndizo zinazosaidia zaidi.

Daftari la ubatizo la parokia ya Kikatoliki hutaja mtoto, baba, mama, msimamizi na mara nyingi kijiji. Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini, ila hiyo isikuogopeshe, kwani maneno ni yaleyale ukurasa hadi ukurasa. Soma safu ya wasimamizi kwa makini: msimamizi mara nyingi ni jamaa au jirani wa kilima, na kwake unaweza kuunganisha nyumba mbili. Kama familia yako ni ya Kiprotestanti, uliza katika makanisa ya CBCA au CEPAC. Mwandikie kwanza paroko au mchungaji, eleza unamtafuta nani na miaka ipi, na ukubali yeye akufungulie daftari badala ya kulipekua mwenyewe. Ndani yake mna siri za familia nyingine.

Kisha tazama kadi ya mpiga kura ya wazazi wako. Inataja baba, mama na mahali pa asili. Kadi za ndugu kadhaa zikiwekwa pamoja zinaanza kuonyesha kilima.

Zingatia mwaka 1972. Wakati wa siasa ya uhalisi, Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko. Watu wakaongeza jina la pili la asili, ambalo hadi leo tunaliita postinomu. Hivyo mtu aliyebatizwa miaka ya 1950 kwa jina la mtakatifu na jina moja la nyumbani anaweza kuonekana mwaka 1975 bila la mtakatifu, akiwa na jina jipya ambalo daftari la kanisa halilijui. Mara nyingi jina hilo jipya lilichukuliwa kwa babu, kwa hiyo marufuku ile ilirudisha karatasini majina yaliyokuwa yamefichika. Kwa mtafutaji hiyo ni bahati.

Tafuta kila jina kwa tahajia zote. Makarani wa Kibelgiji waliandika walivyosikia. Wanyanga utawakuta kama Banyanga, na sekta yao kiserikali ni Wanianga. Kitchanga ni Kichanga. Kishali ya Wahunde ni Gishari kinywani mwa wasema Kinyarwanda. Badilisha l na r, ch na tsh, u na ou, kisha tafuta tena.

Familia zilizotoka Rwanda wakati wa ukoloni zina njia ya ziada. Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia watu Masisi kupitia ofisi iliyojulikana kama MIB, wakaunda usultani wa Gishari, ambao ulifutwa mwaka 1957. Uhamisho ule ulikuwa kazi ya serikali, na kazi ya serikali huacha karatasi. Nyaraka za utawala wa kikoloni ziko Brussels, katika hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Mapadri Weupe wana hifadhi yao Roma, pamoja na shajara za misheni. Ukiwa na ndugu Ubelgiji au Italia, mpe orodha ya majina, vijiji na miaka, si ombi la jumla.

Chora ramani ya jina

Ukishapata majina na vilima, chora. Mimi nilitumia karatasi kubwa na kalamu za rangi. Weka alama kwa Masisi: usultani wa Bahunde na wa Bashali, na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Weka kwa Walikale: sekta za Wanianga na Bakano. Usiishie kwenye mpaka wa wilaya, kwa kuwa Wahunde wako Bwito, Rutshuru, na pia Kalehe, Kivu Kusini. Kwa wasema Kinyarwanda uliza ukoo: Basinga, Bazigaba, Bagesera na wengine wako pande zote mbili za mpaka, na ndani ya ukoo mmoja mna Wahutu, Watutsi na Watwa.

Chora ramani mbili: moja ya kabla ya mauaji ya mwaka 1993, nyingine ya leo. Ile ya leo itakwenda Goma, ifike Nakivale na Kyaka II nchini Uganda, Kiziba nchini Rwanda, na Marekani. Ukizichanganya utadhani jina lilizaliwa Goma, kumbe lilikimbilia huko. Kambi za Mugunga na Bulengo, kando ya Goma, zilikuwa na watu wa vilima vingi, na zilipovunjwa mwaka 2025 wengi walisambaa tena. Andika kila habari pamoja na tarehe uliyoipata.

Ramani yangu ilionyesha vishada viwili vya zamani. Kimoja kilikuwa upande wa Nyabiondo, kama nilivyotarajia. Cha pili kilikuwa karibu na Pinga, katika nyumba za Wanyanga ambao hawana damu yoyote nasi. Wazee wa pande zote mbili, bila kuonana, walinipa maelezo yanayolingana: babu wa babu alikuwa na rafiki huko wa kupeana mbuzi na chumvi, na rafiki yule alimwita mwanawe kwa jina la somo wake Mhunde. Tangu hapo jina limeshuka katika nyumba ile hadi leo.

Linda watu unaowaandika

Hili silisemi kwa kupita tu. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Kabla yake, sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilikuwa imewataka watu waonyeshe kwamba mababu wao walikuwa Kongo tangu mwaka 1885. Tangu wakati huo swali la “umetoka wapi” limetumika kuwanyang'anya watu shamba, kura na uhai. Kwenye kizuizi cha barabarani, jina kwenye kadi limetosha kumuua mtu.

Kwa hiyo usitangaze kabila wala makazi ya mtu aliye hai. Usitume ramani yako kwenye vikundi vya WhatsApp. Usirekodi sauti bila ruhusa, na mtu akisema “hilo usiandike”, weka kalamu chini. Na usikubali kazi yako iwe ushahidi wa nani mwenyeji na nani mgeni. Jina haliwezi kuthibitisha hilo. La kwetu liko kwa Wanyanga kwa sababu ya urafiki, na mtu anayehukumu kabila kwa jina angekosea katika kila nyumba ya kishada kile.

Rudisha ulichopata

Kila mzee aliyekusaidia mpelekee nakala iliyoandikwa kwa mkono au kuchapwa, na umsomee kwa sauti. Atasahihisha, ataongeza, na mara nyingi ataita jirani aje kusikiliza. Weka nakala katika nyumba zaidi ya moja na katika miji zaidi ya mmoja, kwa maana nyumba zetu zimeungua mara nyingi mno.

Kama una muda wa jambo moja tu wiki hii, mpigie simu mzee kuliko wote katika familia yako. Muulize babu yake alizikwa kilima gani, na nani alipewa jina lake. Andika jibu, andika tarehe, kisha muulize ni nani mwingine anayekumbuka.