Vitufe Vinapokwenda Kompyuta Isiyo Yako: Jinsi ya Kurekebisha Njia za Mkato Unapofanya Kazi kwa Mbali

Mto Tana ukifurika, barabara hukatika. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 wakati wa mvua za El Niño, na tena Aprili na Mei 2024. Katika siku kama hizo, karani aliye Garsen ambaye faili zake ziko kwenye kompyuta ya ofisi mjini Hola anaweza kuendelea na kazi bila kusafiri, mradi ana umeme, intaneti na idhini ya ofisi. Programu ya Windows iitwayo Remote Desktop Connection humwonyesha skrini ya kompyuta ya Hola mbele yake, naye huitumia kana kwamba ameketi pale.

Hata hivyo, wengi hukwama kwenye jambo moja dogo: vitufe.

Tatizo liko wapi?

Herufi za kawaida, pamoja na Ctrl+C, Ctrl+V na Ctrl+S, hufika Hola bila shida. Lakini kuna vitufe ambavyo Windows hutumia kwa kazi zake yenyewe, kama Alt+Tab ya kuhama kutoka programu moja hadi nyingine, na kitufe cha Windows cha kufungua menyu. Kwa mpangilio wa kawaida, vitufe hivi hupelekwa kompyuta ya mbali pale tu dirisha lake linapojaa skrini nzima. Ukilipunguza, vinabaki kwenye kompyuta iliyo mbele yako.

Hapo ndipo makosa hutokea. Tuseme karani anajaza orodha ya wanafunzi walioomba basari, na nakala ya zamani ya orodha hiyo imefunguliwa kwenye kompyuta yake ya Garsen. Anabonyeza Alt+Tab akidhani amehamia faili nyingine ya Hola, kumbe yuko kwenye nakala ya zamani. Majina anayoandika hayafiki kwenye orodha inayotumika, na mtoto anaweza kukosa karo kwa sababu hiyo.

Hatua za kurekebisha

1. Kama umeunganishwa tayari, kata muunganisho kwanza. Mpangilio huu huwekwa kabla ya kuunganisha.
2. Fungua Remote Desktop Connection. Unaweza kuandika mstsc kwenye sehemu ya kutafutia.
3. Bonyeza “Show Options”, kisha ufungue ukurasa wa “Local Resources”.
4. Kwenye sehemu ya “Keyboard” kuna chaguo tatu: vitufe vitumike kwenye kompyuta yako, kwenye kompyuta ya mbali, au kwenye ya mbali skrini ikijaa tu. Chagua “On the remote computer”.
5. Rudi ukurasa wa “General”, bonyeza “Save”, kisha uunganishe.

Tangu hapo, ukiwa ndani ya dirisha la Hola, Alt+Tab itafanya kazi Hola. Ukitaka kurudi kwenye programu za kompyuta yako, tumia kipanya kubofya nje ya dirisha hilo au kulishusha.

Vitufe vya kukumbuka

Ctrl+Alt+Delete hubaki kwenye kompyuta yako hata ukibadilisha mpangilio. Badala yake, tumia hivi:

• Ctrl+Alt+End: hufanya kazi ya Ctrl+Alt+Delete kwenye kompyuta ya mbali, kwa mfano unapobadilisha nenosiri.
• Alt+Page Up: huhama kutoka programu moja hadi nyingine.
• Alt+Home: hufungua menyu ya Windows.
• Ctrl+Alt+Break: hujaza skrini au kuipunguza. Kama kompyuta mpakato yako haina kitufe cha Break, sogeza kipanya juu kabisa ya skrini na utumie mstari unaojitokeza.

Linda taarifa za wananchi

Kufunga dirisha kwa alama ya X hakukutoi kwenye kompyuta ya mbali. Programu na faili hubaki wazi kule. Ukimaliza kazi, hifadhi faili zako kisha uondoke kwa “Sign out”. Usihifadhi nenosiri kwenye kompyuta ya saiba au ya kuazima. Muunganisho upite kwenye VPN ya ofisi, kwa sababu kompyuta iliyoachwa wazi moja kwa moja kwenye intaneti hutafutwa na wadukuzi. Majina, namba za vitambulisho na taarifa za familia zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iwe mtumishi yuko ofisini au nyumbani.

Kabla ya kuanza kazi yoyote, fanya jaribio moja: bonyeza Alt+Tab na utazame ni programu za kompyuta ipi zinazojitokeza. Zikiwa za kompyuta yako, rudia hatua zilizo hapo juu. Zikiwa za kompyuta ya mbali, endelea na kazi. Ukikwama, muulize afisa wa TEHAMA wa ofisi yako kabla ya kuingiza taarifa za mtu yeyote.