Hesi Zilizokwisha: Plagi, Spana na Fundi wa Mashaka

Gari limepelekwa gereji kubadilishwa plagi. Baada ya siku chache injini yaanza kutoa mlio mkali kila silinda inapowaka, na nguvu ya kupanda mlima imepungua. Fundi akiulizwa hujibu kwamba plagi ni mbovu. Pengine plagi haina kosa lolote. Kilichoharibika ni hesi, yaani ile mifereji iliyochongwa ndani ya tundu lake, ambayo mafundi huiita thredi. Na aliyeiharibu ni mkono uliokaza.

Hesi ni mteremko uliozungushwa kwenye mcheduara. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kukata karatasi yenye umbo la pembetatu mraba na kuizungushia penseli: ukingo wa mshazari utapanda ukizunguka. Plagi nyingi za magari zina kipenyo cha milimita 14, na katika mzunguko mmoja hushuka milimita 1.25 tu. Fundi aliyeshika spana sentimita 25 kutoka kwenye kitovu hupitisha mkono wake milimita 1,570 katika mzunguko huo huo. Lau msuguano usingekuwapo, kani yake ingezidishwa zaidi ya mara 1,250. Msuguano hula zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Hata hivyo kani ya niutoni 100, sawa na kuinua mzigo wa kilo 10, huibana plagi kwa takriban niutoni 9,000.

Kiasi hicho chatosha kabisa. Mwako ukifikisha kanieneo ya niutoni 5 kwa kila milimita mraba, plagi husukumwa nje kwa niutoni 770 hivi, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya kani inayoibana. Lakini fundi asiyeamini hesabu huchomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha hadi sentimita 75, na kwa mkono ule ule kani ya kubana huwa mara tatu. Plagi ni ya chuma cha pua. Kichwa cha silinda, katika injini nyingi za leo, ni cha aluminiamu, metali iliyo laini zaidi. Ni dhahiri ipi itakayoshindwa.

Tena hesi hazigawani mzigo sawasawa. Ile iliyo karibu na kiti cha plagi hubeba karibu theluthi ya mzigo wote. Ikikatika, mzigo huangukia ya pili, kisha ya tatu, kama mshono unaofumuka. Madhara huongezeka plagi ikifunguliwa injini ingali moto, au ikiingizwa kombo na kulazimishwa kwa spana badala ya kuanzishwa kwa vidole. Hata kuipaka grisi, jambo linaloonekana kuwa la busara, kwaweza kudhuru: msuguano ukipungua, mkazo ule ule wa spana hubana zaidi ya ilivyokusudiwa.

Hapa ndipo fundi anayelipua kazi hujulikana. Huizungushia plagi utepe wa mabomba, au huipaka gundi, au huingiza nyuzi za shaba tunduni, kisha husema kazi imekwisha. Asilolijua ni kwamba plagi hupoa kwa kupitisha joto katika hesi na kiti chake. Utepe na gundi huzuia joto hilo. Ncha ya plagi hupata moto kupita kiasi, na mchanganyiko wa petroli na hewa huweza kuwaka kabla ya wakati wake.

Matengenezo ya kweli ni kukata hesi mpya zenye kipenyo kikubwa zaidi, kisha kuingiza humo springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya huo una umbo la msambamba ukikatwa kwa upana, hivyo upande wa nje huwa hesi ya aluminiamu, na upande wa ndani huwa hesi ya plagi ile ile ya awali. Kabla ya kuingizwa, springi ni pana kuliko tundu. Ikishaingia hujitanua na kujishika yenyewe. Kiunganisho hiki huwa imara kuliko kile cha kwanza, kwa kuwa mzigo umeenezwa katika eneo kubwa zaidi la aluminiamu. Mafundi wengine hupendelea bushi nzima ya chuma kwa tundu la plagi, na wana hoja: haina njia ya kupitisha gesi kati ya mizunguko.

Hatari kubwa ni vumbi la metali. Likiangukia ndani ya silinda hukwaruza kuta zake. Kwa hiyo mwenye gari na aulize kabla ya kazi kuanza: je, kichwa cha silinda kitafunguliwa? Kama sivyo, vumbi litazuiwaje? Kile kiguu cha springi kinachovunjwa mwishoni kitatolewa kwa nini? Fundi hodari, awe na cheti au hana, hujibu bila kukasirika na huonyesha zana zake. Anayejibu kwamba amefanya kazi miaka ishirini hajajibu swali.

Zoezi: Plagi ya pikipiki yenye kipenyo cha milimita 10 hukazwa kwa niutoni-mita 12. Tafuta kani ya mkono kwenye spana ya sentimita 15. Fundi akiirefusha spana hadi sentimita 45 na kutumia kani ile ile, plagi itakazwa kwa niutoni-mita ngapi?