Mlinzi wa Mgonjwa Nyumbani: Kazi Yake na Faida Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu na miti ya kuzuia udongo usianguke. Leo somo letu ni juu ya kazi inayofanyika mbali na shimo: kazi ya mtu anayemtunza mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Kwa Kifaransa huitwa garde-malade, sisi tuseme mlinzi wa mgonjwa. Mara nyingi ni bibi wa mgonjwa, mama yake, au binti aliyeacha masomo. Hana mshahara, na watu husema, "Yeye anakaa tu na mgonjwa." Tuone kama ni kukaa tu.

KWA NINI ANAHITAJIWA

Tuseme mchimbaji ameangukiwa na udongo, mfupa wa paja umevunjika. Waganga wanaushughulikia, kisha siku moja anarudishwa nyumbani. Mfupa huo huomba miezi 3 mpaka 6 kabla ya kushika vizuri. Muganga atamwona pengine mara moja kwa juma, tena kama mvua haikuharibu njia ya Nizi. Juma moja lina saa 168. Muganga akitumia saa 1, zinabaki saa 167. Hizo zote ni za mlinzi. Ndani ya saa hizo mgonjwa anapona, au anaharibika.

KAZI ZAKE NNE

1. Kumgeuza. Asiyeweza kujisogeza hupata vidonda pale mfupa unapokandamiza ngozi: juu ya matako, kwenye nyonga, kwenye visigino. Damu haipiti, ngozi inakufa, na kidonda kinaweza kufika mpaka mfupani. Basi abadilishiwe ulalo kila saa 2, mchana na usiku. Kwa aliyevunjika mguu au mgongo, mlinzi aombe muganga amwonyeshe namna ya kumgeuza kabla hawajatoka hospitali. Shuka liwe kavu, bila mikunjo. Nguo iliyokunjwa iwekwe chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro. Kila asubuhi tazama ngozi na kuigusa: palipo na joto, pagumu au panapouma, pasilaliwe tena. Wala usipasugue.

2. Kumwosha na kumlisha. Mfupa na nyama hujengwa na chakula: maharagi, samaki, mayai, sombe, matunda. Mwinue kabla ya kumlisha, mpe kidogo kidogo, asipaliwe. Akiharisha, chukua litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, anywe mara kwa mara.

3. Kusimamia dawa. Wafanyakazi wa mawe wanajua vumbi. Vumbi la mawe huleta silikosi, na mwenye silikosi hushikwa upesi na kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6. Lakini baada ya miezi 2 mgonjwa anasikia nguvu, anataka kurudi kazini, anaacha dawa. Vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na ugonjwa hurudi mkali zaidi. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, pamoja na Daktari Karel Styblo. Kazi hiyo ilisaidia kuifundisha dunia kwamba kutoa dawa hakutoshi: lazima awepo mtu wa kumtazama mgonjwa akimeza. Nyumbani, mtu huyo ni mlinzi. Mkojo ukiwa na rangi ya machungwa asiogope, ni dawa. Macho yakiwa manjano, ampeleke kwa muganga siku hiyo hiyo.

4. Kutazama na kuandika. Achukue kaye ya shule. Kila siku aandike: tarehe, homa, chakula, mkojo, choo, dawa iliyomezwa. Kaye hiyo humwambia muganga mengi kuliko maneno ya haraka mlangoni.

DALILI ZA KUMRUDISHA HOSPITALI BILA KUNGOJA

– Vidole vya mguu wenye plasta ni baridi, vimebadilika rangi au havisikii.
– Mguu umevimba na kuuma, au pumzi imekuwa fupi ghafula.
– Kidonda kinanuka au kinatoa usaha, homa inapanda.
– Mkojo umefunga.
– Anakohoa damu, au maneno yake yamechanganyika.

Mlinzi pia ajue mpaka wa kazi yake. Hachomi sindano, hakati plasta, hanyooshi mfupa, haongezi wala kupunguza dawa.

AJILINDE MWENYEWE

Anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Madirisha ya mwenye kifua kikuu yawe wazi, na mgonjwa afunike mdomo akikohoa. Tena tusisahau Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaingia Ituri yetu, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2.200. Wengi waliambukizwa wakimtunza ndugu kwa upendo, au wakiosha maiti. Ugonjwa wa namna hiyo hautunzwi nyumbani. Ukiona homa kali pamoja na kutapika, kuharisha au kutoka damu, na Ebola inasikika katika nchi, usimguse: ita watu wa afya mara moja.

MLINZI NAYE NI MTU

Anayeamka kila saa 2 usiku, juma baada ya juma, mwisho ataanguka yeye. Katika Uganda, mwaka 1987, Mama Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, na wafanyakazi wake walifika mpaka nyumbani kwa wagonjwa wa SIDA. Waliitegemeza jamaa pamoja na mgonjwa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Waume, mjue kugeuza mgonjwa na kuchota maji. Jirani, shika zamu ya usiku mmoja. RECO wa mtaa apite kumwuliza mlinzi hali yake, siyo ya mgonjwa tu. Na binti wa nyumba arudi shuleni. Zamu zikigawanywa, inawezekana.

MASWALI YA KUJIFUNZA NYUMBANI

1. Mgonjwa asiyejisogeza abadilishiwe ulalo kila saa ngapi? Kwa nini?
2. Mwenye kifua kikuu anasikia nafuu baada ya miezi 2. Utamwambia nini?
3. Katika nyumba yako, nani angekuwa mlinzi? Nani angempumzisha?

Swali la tatu lijibiwe leo jioni, wote mkiwa wazima.