Somo la Mwezi: Sigiriet na Fimbo Zetu

Mwezi huu tuache kidogo habari za majani chai na ng'ombe wa maziwa, tumwangalie punda. Hapa kwetu tunamwita sigiriet, na mara nyingi tunamtaja tukiwa na fimbo mkononi.

Kule Chepalungu wakati wa kiangazi, nani hutoa maji mtoni? Ni punda na akina mama. Punda akipotea, anabaki mama na mgongo wake.

Punda huyu alitokana na punda mwitu wa Afrika, ambaye siku hizi amebaki kidogo tu, upande wa Eritrea na Ethiopia. Tusidhani wa nyumbani hawezi kwisha. Mwaka 2012 serikali iliruhusu punda achinjwe, na baadaye vichinjio vikafunguliwa, kimoja Mogotio, si mbali na sisi. Ngozi zilienda China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Ndipo wizi ukazidi: mtu anaamka, anakuta mzoga umechunwa. Hesabu ya 2009 ilionyesha punda kama milioni 1.8 nchini, ya 2019, kama milioni 1.2. Na punda jike hubeba mimba mwaka mzima, kisha azae mmoja! Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima.

Lakini mwizi si yeye tu. Sisi wenyewe je? Punda wa kawaida ana kilo kama 150, na mzigo mgongoni usizidi theluthi, yaani kilo 50. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha. Sisi tunafunga minne, halafu tunashangaa akilala njiani.

Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Hapo hatukubaliani nao. Akisimama, kwanza inua kamba uangalie chini yake. Pengine kuna kidonda. Kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usipake oili ya gari, na umpumzishe mpaka kipone. Chini ya mzigo weka gunia lililojazwa nyasi kavu. Sheria ya Kenya, Sura 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi.

Kwenye mkutano ujao, kila mwenye punda amlete. Tutakagua migongo pamoja, tuandike alama za kila mmoja kwenye daftari la kikundi, na tukubaliane kwamba hakuna anayenunua punda bila barua ya chifu.