Mji Usio na Mwandishi: Nani Anahudhuria Kikao?

Somo hili linafaa kwa vikundi vinavyofuatilia matumizi ya fedha za umma. Someni habari hii pamoja, kisha jadilini maswali yaliyo mwishoni.

Bell ni mji mdogo karibu na Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani. Wakazi wake ni kama 35,000, na wengi wao ni watu wa kipato cha chini. Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani hulipwa dola 400,000. Mkuu wa polisi wa Bell alilipwa dola 457,000, na madiwani wanne kati ya watano walipata karibu dola 100,000 kila mmoja, kwa kazi ambayo si ya kutwa. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Je, mambo haya yaliwezekanaje? Mwaka 2005 ilipigwa kura ya kubadili hadhi ya mji, na kwa njia hiyo viongozi wakakwepa ukomo wa malipo ya madiwani uliowekwa na jimbo. Waliopiga kura hawakufika hata 400. Vikao vya baraza vilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini gazeti dogo la eneo lile lilikuwa limekwisha kutoweka, na magazeti makubwa yalikuwa yanapunguza wafanyakazi. Hata wale waandishi wawili waliofichua habari hii walifika Bell wakifuatilia matatizo ya mji wa jirani, Maywood!

Watu wengi hudhani magazeti yanakufa kwa sababu wasomaji wamehamia kwenye intaneti. Hiyo ni sehemu tu ya sababu. Nchini Marekani, fedha nyingi za gazeti hazikutoka kwa msomaji bali kwa mtangazaji. Tangazo la gari kuukuu au chumba cha kupanga ndilo lililomlipa mwandishi akakae saa tatu kwenye kikao cha bajeti. Tovuti ya Craigslist, iliyoanzia San Francisco mwaka 1995, ilianza kupokea matangazo hayo karibu bure. Baadaye Google na Facebook zikachukua mengi ya yaliyobaki. Mwaka 2005 magazeti ya Marekani yalipata zaidi ya dola bilioni 49 kutokana na matangazo. Kufikia mwaka 2020 yalipata chini ya bilioni 10. Rocky Mountain News la Denver lilifungwa Februari 2009, likiwa limebakiza miezi miwili tu kutimiza miaka 150.

Baadhi ya magazeti yanajaribu njia nyingine. Mwaka 2019 Salt Lake Tribune la Utah liligeuka kuwa shirika lisilo la faida, likapata ruhusa ya kupokea michango. Njia hii inatia moyo, ingawa mfadhili naye anaweza kuwa na jambo asilotaka liandikwe.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo lenu, nani huhudhuria kikao cha bajeti na kuwaeleza wengine yaliyosemwa? Nani humlipa?

2. Ujumbe wa simu unaweza kufikia watu wengi kwa haraka. Je, mtumaji amekaa kikaoni, au amesikia tu kwa mwenzake?

3. Kama kila kaya ingechanga kidogo ili mtu mmoja afanye kazi hii, mngehakikishaje kwamba anaweza kuandika hata habari zinazowahusu ninyi wachangiaji?